Tuna Haja Gani ya Kutishwa?

SHABIKI: Nimeungoja msimu wa tano wa tamthilia ya Marekani *Stranger Things* tangu Julai 2022, miaka mitatu na nusu, na ulipomalizika nililia mbele za watu. Tuligawiwa kwa mafungu matatu. Sehemu nne za kwanza ziliingia huku kwetu saa kumi alfajiri ya tarehe 27 Novemba 2025, tatu zikafuata alfajiri ya tarehe 26 Desemba, na ile ya kufunga kazi, yenye zaidi ya saa mbili, ikaja alfajiri ya Mwaka Mpya. Hapa Ngara mjini bando la kutazama vitu virefu namna hiyo si la mfuko mmoja. Tulichanga, mwenye simu yenye nafasi akapakua, tukajazana. Sasa nasikia wazazi wakisema tamthilia za kutisha zifungiwe kwenye vibanda umiza vyote, kuanzia Kabanga hadi Biharamulo. Napinga. Hakuna tamthilia ya mapenzi iliyowahi kunikosesha usingizi kwa ajili ya uhai wa mtoto wa mwenzangu. Hii ya mazimwi imeweza.

MZEE WA RUSUMO: Binti yangu, machozi yako siyakatai. Nauliza tu, mtu kuchanga fedha ili atishwe ni akili gani? Tarehe 28 Aprili 1994 nilikuwa Rusumo. Ndani ya saa 24 watu wapatao 250,000 walivuka daraja lile kutoka Rwanda, na magodoro, na mbuzi, na watoto mgongoni. Chini ya daraja Mto Kagera ulikuwa ukipitisha miili, mchana na usiku, mingine mikono imefungwa nyuma. Ilikwenda hadi Ziwa Victoria, hadi Uganda, na watu wa kule wakaacha kula samaki. Aliyeyaona yale anamhitaji vipi Mmarekani amtengenezee mnyama asiye na uso?

SHABIKI: Babu, mimi mwaka 1994 nilikuwa sijazaliwa. Nimekulia karibu na mto ule, na kila nilipouliza, wakubwa walibadilisha mazungumzo. Woga nilirithi, kisa chake sikupewa. Kwenye tamthilia angalau woga una jina, una mahali unapotokea, na kuna watu wanaoukabili. Ngoja nikupe kisa kimoja. Mnyama yule anavunja nyumba ya akina Wheeler kumfuata mtoto wao wa kike, Holly. Baba anakwenda na fimbo ya gofu, anaangushwa. Mama, Karen, misimu minne yote tumemwona kama mwanamke wa kupika na kujipamba, anaishika chupa ya mvinyo, anaivunja, anamkabili mnyama na kipande cha chupa mkononi. Anajeruhiwa vibaya na mtoto anachukuliwa vilevile. Nilipiga ukelele. Nilimwona mama yangu pale.

MHUDUMU WA AFYA: Mdogo wangu, nakusikia, lakini umehama kwenye swali. Hakuna anayebisha kwamba kisa ni kizuri. Swali ni hofu ile inakwenda wapi baada ya skrini kuzimwa. Mimi nafanya kazi Biharamulo. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba wilayani kwetu kuna ugonjwa wa Marburg. Tarehe 13 Machi ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Katika mlipuko huo tulihesabu wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa na maabara na wanane waliodhaniwa, na wote 10 walifariki. Hakupona hata mmoja. Katika hali hiyo hofu si burudani. Mwenye hofu anamficha mgonjwa ndani. Anampeleka kwa mganga usiku. Anaosha maiti kwa siri kwa sababu ameambiwa wenye mavazi meupe wanaondoka na miili. Na mtu ambaye kila jioni anatazama wenye mavazi ya maabara wakiteka watoto, atatuamini tukigonga mlango wake na mavazi yetu ya kujikinga?

SHABIKI: Dada, hapo umegusa ninapotaka kupagusa mimi. Msimu huu unafunguka mji wa Hawkins ukiwa chini ya karantini ya jeshi. Ni mwaka 1987. Hatoki mtu, haingii mtu, na wenyeji wanaambiwa nusu ya ukweli. Mtu wa Marekani anatazama hilo kama ndoto ya mwandishi. Mimi nililitazama miezi minane baada ya Biharamulo kutangazwa salama, nikiwa na shangazi huko ambaye tuliogopa kumtembelea ingawa barabara haikufungwa. Ninajua ilivyo watu wakikuuliza umetoka wapi kabla hawajakupa mkono. Tamthilia haikunifanya niwaogope ninyi. Ilinionyesha kwamba mji usioambiwa ukweli hujitungia wake.

MHUDUMU WA AFYA: Wewe, ndiyo. Wewe una umri wa kupambanua. Mwenye kibanda yupo hapa, atuambie wateja wake wana umri gani.

MWENYE KIBANDA: Nitasema. Kibanda changu kipo Nyakanazi, pale njia zinapokutana. Wateja wangu wakubwa ni madereva na matingo wa malori yanayokwenda Rusumo na Kabanga, wanalala pale wakisubiri safari ya asubuhi. Mchana mpira, usiku muvi. Na ninachokiona ni hiki: za kutisha ndizo zinazojaza mabenchi. Zimwi likitokea, dereva mwenye mwili wa kubeba gunia anapiga kelele kuliko mtu yeyote, halafu kibanda kizima kinacheka, na yeye anacheka. Wapo wa siku nyingi wanaoikumbuka njia hii wakati wa majambazi, magari yakipangwa msafara na kusindikizwa na polisi wenye bunduki kulivuka pori. Niliwahi kumuuliza mmoja, mzee wangu, uliyoyapita porini hayakutoshi? Akanijibu kwamba humu ndani anajua mlango uko wapi.

MZEE WA RUSUMO: Jibu zuri la dereva. Halijajibu la watoto.

MWENYE KIBANDA: Naja, mzee. Kinachoonyeshwa kwangu kimetafsiriwa. Watu wa mjini wanadhani DJ anafanya kazi ya kugeuza Kiingereza tu, kama alivyokuwa Lufufu enzi zake Dar es Salaam na DJ Mack baada yake. Kaa kibandani uone. Sauti ya muvi inashushwa, ya DJ inapanda juu, na yeye ameshaitazama mpaka mwisho. Anakutangulia: “Dada, huo mlango usiufungue, kaa kando!” Anasema kabla mlango haujafunguka. Mshtuko ukifika umeshaandaliwa. Damu ikimwagika anatia utani, anamwita zimwi jina la mkopeshaji fulani wa riba, watu wanavunjika mbavu. Hofu ya mtu aliyejifungia chumbani na spika za masikioni saa nane usiku ni nyingine kabisa. Kama kuna ya kufungiwa, ni hiyo ya peke yako.

MHUDUMU WA AFYA: Na watoto?

MWENYE KIBANDA: Wapo wanaochungulia kwenye matundu ya turubai. Nawafukuza, wanarudi.

MHUDUMU WA AFYA: Basi tuache kuzunguka. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu ipitiwe na ipewe daraja la umri kabla ya kuonyeshwa hadharani. Flashi iliyojazwa muvi mnadani haijapita kwa yeyote. Hiyo tamthilia mnayoisifu, Marekani kwao ina alama ya kuwatahadharisha wazazi wenye watoto chini ya miaka 14. Huku inatazamwa na mtoto wa darasa la pili kupitia tundu la turubai, tena bila kuona mwanzo wala mwisho, ameona jino na damu tu. Huyo ndiye anayekuja kwangu ameletwa na mama yake, hali, halali, anakojoa kitandani. Mama anasema amerogwa.

SHABIKI: Kwa mtoto huyo niko upande wako. Turubai lizibwe. Lakini usinizibie na mimi.

MHUDUMU WA AFYA: Sijamaliza. Kuna popo. Msimu wa nne, nimeambiwa, popo wa kuzimu walimmaliza kijana mmoja kwa meno.

SHABIKI: Eddie. Hilo bado linaniuma.

MHUDUMU WA AFYA: Linakuuma wewe, mimi linanipa kazi. Virusi vya Marburg vinaishi kwa popo wa matunda wanaolala mapangoni. Ujumbe wetu ulikuwa mwepesi: usiingie mapangoni, usiwaguse, waache walipo. Mtu aliyefundishwa kwamba popo ni zimwi hawaachi walipo. Anakwenda na moto. Uganda jambo hili limeonekana, katika mgodi wa Kitaka. Baada ya wachimbaji kuugua mwaka 2007, popo wa mgodi ule waliuawa kwa maelfu. Walipoanza kurudi, waliopimwa walikutwa na virusi kwa kiwango kikubwa kuliko wale wa awali, na mwaka 2012 Marburg ikalipuka Ibanda, hapohapo jirani. Hofu iliwaua popo na ikawarudishia watu ugonjwa. Sasa niambie tamthilia yako inafundisha nini kuhusu kiumbe anayetisha zaidi ya kumchoma moto?

SHABIKI: Inafundisha kumjua, dada, na kwa miaka kumi imefundisha hivyohivyo! Wale watoto hawashindi kwa moto peke yake. Wanakaa chini, wanachora ramani, wanauliza hili linatokea wapi na linaishi kwa kutegemea nini. Mwalimu wao wa sayansi ni mmoja wa kikosi. Na msimu huu ngome yao ni kituo cha redio. Robin, mmoja wa kikosi hicho, anakaa kwenye maikrofoni, anapiga muziki, na katikati ya maneno anapitisha taarifa kwa wenzake ambazo jeshi haliwezi kuzing'amua. Mtu wa Ngara akiona hivyo ataacha kuikumbuka Radio Kwizera? Ilianzishwa hapa mwaka 1995 na Wajesuti wanaohudumia wakimbizi, na mpaka leo ndiyo tunayoamka nayo. Wakati wa Marburg mlitufikia kwa njia gani kama si redio?

MZEE WA RUSUMO: Umeitaja redio, nami niseme la redio. Ng'ambo ya mto mwaka 1994 ilikuwapo redio iliyowaita watu mende na kuwaambia jirani zao wakawamalize. Wauaji walioswaga watu kwenye vizuizi walikuwa na redio ndogo mkononi. Kwa hiyo usinieleze kwamba redio ni ngome ya wema, inategemea nani amekaa nayo. Hapo ndipo ninapozichukia hizi hadithi za mazimwi. Zinamwambia kijana kwamba uovu una makucha na unatoka ufa wa ardhini. Waliokuja na mapanga walikuwa na majina ya ubatizo. Walikuwa walimu, washona viatu, waimba kwaya. Zimwi ni kisingizio. Linamtoa mtu hatiani.

SHABIKI: Babu, nilikuwa naomba mtu aniulize hilo, kwa sababu msimu huu umelijibu, na kwangu ndiyo sehemu iliyouzidi misimu yote. Vecna, adui mkubwa, zamani alikuwa mtoto anayeitwa Henry. Max, msichana aliyenaswa ndani ya kumbukumbu za Henry, anagundua mahali pamoja ambapo Henry hathubutu kukanyaga: pango. Anajificha humo, na zimwi linasimama mlangoni, linatetemeka, linarudi nyuma. Kumbe utotoni Henry alikutana na mtu aliyejeruhiwa humo, akapigwa risasi, na yeye akamuua yule mtu kwa jiwe. Kitu cha giza kilimwingia siku hiyo. Sasa sikiliza. Mwishoni kabisa Will, mmoja wa wale watoto, anamsihi: hukuwa wewe, ulitumiwa, bado unaweza kukataa. Unajua Henry alijibu nini? Kwamba hakutumiwa. Alichagua.

MZEE WA RUSUMO: Alisema hivyo mwenyewe?

SHABIKI: Kwa kinywa chake.

MZEE WA RUSUMO: Mbele ya mahakama ya mauaji ya Rwanda pale Arusha, miaka yote ile, wachache sana walithubutu kusema hivyo. Kila mtu alitumwa. Basi hilo nawapa waandishi hao, ni la kweli. Lakini usidhani umenishika. Nieleze, katika wale watoto uliowapenda tangu 2016, walikufa wangapi?

SHABIKI: Hapo babu unanitonesha kidonda.

MZEE WA RUSUMO: Ndiyo, nitoneshe. Wangapi?

SHABIKI: Kali, yule mwenye uwezo wa kufanya viinimacho, anakufa, na yeye alikuwa wa kupita. Wa kundi lenyewe wanatoka wazima, isipokuwa Eleven, msichana mwenye nguvu za ajabu, na kwa Eleven tumeachwa njia panda. Na hili naliudhikia waziwazi. Vita ya mwisho wanapigana na buibui mkubwa kama kilima katika jangwa la ulimwengu mwingine, na yale mazimwi tuliyofundishwa kuyaogopa kwa miaka kumi hayapo hata moja! Yamekwenda wapi? Hakuna maelezo. Watu wanapanda, wanachoma, wanarusha, hakuna anayevunjika hata kidole. Joyce, mama yake Will, anamkata Vecna kichwa kwa shoka, sawa, nilishangilia, mwanamke aliyedharauliwa kama kichaa tangu msimu wa kwanza kupiga pigo la mwisho ni haki. Lakini baada ya hapo dakika karibu arobaini za kuagana. Mahafali, vicheko, busu. Mauti walikuwa wameyaahidi, wakayaogopa.

MWENYE KIBANDA: Stelingi hafi, mdogo wangu. Hilo hata mtoto wa tundu la turubai analijua. Mimi shida yangu ni hiyo njia panda. Nilionyesha sehemu ya mwisho, watu wakagoma kutoka. Eleven anabaki kwenye lango wakati ulimwengu wa mazimwi unalipuliwa, tunamwona akiyeyuka. Halafu mwaka na nusu umepita, Mike, mpenzi wake, anawaambia wenzake kwamba huenda ilikuwa kiinimacho cha Kali, kwamba msichana yuko hai mahali fulani penye maporomoko ya maji. Wanasema kila mmoja wao: naamini. Mwisho. Nusu ya kibanda inasema yuko hai, nusu inasema Mike anajifariji. Dereva mmoja alidai kiingilio chake. Mtu amekaa miaka kumi na hadithi, mpe jibu. Amekufa, tumzike. Yu hai, tumwone.

SHABIKI: Kabisa. Ni woga wa mwandishi, umevishwa nguo ya fumbo.

MZEE WA RUSUMO: Hapana. Hapo wote wawili mmekosea.

SHABIKI: Babu, hata hujaitazama.

MZEE WA RUSUMO: Nimeisikia kwenu, inatosha. Mwaka 1994 pale kambi ya wakimbizi ya Benaco kulikuwa na picha za watoto waliopotezana na wazazi, zimebandikwa kwenye mbao, na mama anapita picha moja moja kwa kidole. BBC ilianzisha kipindi, Gahuzamiryango, kikawa kinasoma majina: fulani mtoto wa fulani, wa kilima fulani, anamtafuta mama yake. Wapo waliopatana. Wengi hawakupata mwili wala mtu. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda waliporudishwa kwao, nilimjua mama aliyekuwa akisema mwanawe amevuka kwenda Kongo na ameoa. Hakuna aliyemwambia hilo. Alilichagua, kama huyo Mike wenu. Nisingethubutu kumwambia ni uongo. Mnadai mzikiwe stelingi au mletewe. Katika maisha kuna wengi tusiowazika na tusioletewa. Kama tamthilia hiyo imethubutu kuishia pale, basi ndicho kitu pekee nilichosikia leo kinachofanana na mto.

SHABIKI: Sikulitazama hivyo. Bado nasema wangekuwa na ujasiri kwa wengine wote kama waliokuwa nao kwa Eleven.

MHUDUMU WA AFYA: Mzee wangu, nakuheshimu, lakini fumbo hilo ni la watu wazima. Sisi wa afya tunahesabu siku 42 baada ya mgonjwa wa mwisho, ndipo tunatangaza mlipuko umekwisha. Siku hizo hazipunguzwi hata kwa shinikizo la biashara, kwa sababu watu wanahitaji siku ambayo mtu mwenye mamlaka anasimama na kusema, tokeni, peaneni mikono. Mtoto pia anaihitaji siku hiyo. Tamthilia isiyomwambia kwamba zimwi limekwisha haimfai, na hilo halitegemei uzuri wake. Msimamo wangu ni uleule: usiku, kwa waliotimiza umri, turubai zima. Na zile za peke yako kwenye simu, wazazi mzikague simu.

MWENYE KIBANDA: La usiku na umri nimekubali. La kufungia zote sikubali, na sidhani litawezekana. Ukifunga kibanda, muvi zinahamia simuni palepale.

SHABIKI: Mimi ninalodai limebadilika kidogo. Mazimwi ya Hawkins tumeyamaliza. Bongo tuliwahi kuwa na filamu zetu za kutisha, *Nsyuka* na *Shumileta* za Mussa Banzi, miaka ya 2000, na mama zetu mpaka leo wanazizungumza. Zilitoka Dar es Salaam, si huku kwetu. Nani ametengeneza ya Kagera? Tuna pori la Biharamulo, tuna mto, tuna mapango, tuna mji ulioishi na tetesi kwa miezi miwili. Kama babu anachukia zimwi linalomtoa mtu hatiani, basi tuandike lisilomtoa.

MZEE WA RUSUMO: Andikeni. Ila msitunge kwa kutazama simu na kubadilisha majina. Njooni kwanza Rusumo, njooni Benaco, mtuulize, na tukibadilisha mazungumzo mrudi tena kesho yake. Waliokuwa na miaka 30 siku ile wamevuka 60, na waliokuwa watu wazima wameanza kwisha. Njooni mwaka huu.